Tele inakata kingo za picha ya kompyuta: ninunue kadi mpya?

"Mtaalamu, jambo. Niko Bukavu, hapa Nguba. Tulinunua kompyuta ya bulaya, zile za ofisi, Core i5 ya kizazi cha tatu yenye Windows 10, ili tuangalie filamu sebuleni. Tele yetu ni ya inchi 43, kwenye katoni waliandika Full HD. Kompyuta haina tundu la HDMI, kwa hiyo fundi alitupatia kifaa kidogo cha kugeuza VGA kuwa HDMI, halafu waya unapita kwenye ampli ya sauti mpaka kwenye tele. Shida ni kwamba picha inakatwa pande zote nne. Upau wa chini wenye saa unaonekana nusu, na alama ya kufunga dirisha kule juu siioni kabisa. Nilipunguza rezolusheni mpaka 1024 kwa 768. Maandishi yakawa makubwa, lakini yana ukungu na watu wamekuwa wanene. Tena umeme ukikatika na kurudi, siku nyingine kila kitu kinakuwa kikubwa mno, ikoni chache tu zinajaza skrini. Dukani wameniambia kadi grafiki imechoka, ninunue nyingine ya dola 80. Mume wangu anasema tele ndiyo mbovu. Nani ana haki?"

Mama, jambo sana, na asante kwa kueleza kila kitu kwa utaratibu. Kwa jinsi ulivyoandika, hizo dola 80 zibaki kwanza mfukoni. Sioni dalili ya kadi iliyochoka, wala ya tele mbovu. Una shida mbili tofauti zilizokutana kwenye skrini moja, na ya tatu umeiongeza wewe mwenyewe ulipojaribu kuponya ya kwanza. Tuzitenganishe, kwa sababu dawa ya moja haigusi nyingine.

Kadi inayokufa ina dalili zake: vidoa vya rangi vinavyorukaruka, mistari, picha kuganda katikati ya filamu, kompyuta kujizima ikipata joto. Haikati pande nne kwa usawa. Kukata namna hiyo kunafanywa kwa makusudi, na anayekata ni tele.

Desturi hii ilianza zamani za tele za kioo kinene. Zile tele zilichora picha kwa mwali wa elektroni, na ukingo wa picha haukutulia: volteji ikishuka, picha ilisinyaa, ikipanda, ilivimba. Ili mtazamaji asione ukingo mweusi unaocheza, viwanda viliikuza picha kidogo kupita kioo, kingo zikaangukia nje. Watangazaji walijua hivyo, wakawa wanaweka maandishi na nembo zao mbali na ukingo. Tele bapa ya leo haina mwali wowote, kila pikseli (nukta ndogo ya picha) iko mahali pake daima, lakini desturi ya kukuza picha ilibaki kiwandani. Huitwa ovaskani. Tele yako ikipokea pikseli 1920 kwa 1080 kupitia HDMI, inadhani imeunganishwa na dekoda, kwa kuwa dekoda nayo hutumia kipimo hichohicho. Kwa hiyo inakuza na kukata kama ilivyozoea, haina habari kwamba safari hii ukingoni kuna saa yako na alama ya kufunga dirisha.

Hesabu yenyewe inalingana na ulichokiona. Tele ikikata asilimia 2 tu ya kimo kila upande, pikseli 21 au 22 za chini zinapotea. Upau wa Windows 10 una kimo cha pikseli 40. Hapo ndipo ilipokwenda nusu ya saa yako. Juu nako, alama ya kufunga dirisha inakaa ndani ya pikseli 30 za kwanza, na kitovu chake ni kama cha 15. Imekatwa yote.

Kwa hiyo tunaanza na telekomandi, si na kompyuta. Rudisha kwanza kompyuta kwenye 1920 kwa 1080 (nitaeleza chini), kisha ukiwa kwenye chanzo cha HDMI fungua menyu ya picha ya tele na utafute ukubwa au umbo la picha. Kila kampuni ina jina lake: Samsung nyingi huita "Screen Fit", LG huita "Just Scan", Sony huita "Full Pixel", nyingine zina kipengele cha ovaskani cha kuwasha na kuzima. Menyu ikiwa ya Kifaransa majina hubadilika, lakini usihangaike nayo. Pitia umbo moja baada ya jingine huku macho yakiwa kwenye upau wa chini. Umbo linaloonyesha upau wote, kimo chake kikiwa kamili na saa ikisomeka, ndilo lenyewe. Kwenye Samsung na LG nyingi kuna njia nyingine pia: kwenye orodha ya vyanzo, badilisha jina au alama ya ile HDMI iwe PC. Si jina la mapambo tu. Tele ikishaona PC, huacha kukata, na mara nyingi huacha pia kunoa picha kupita kiasi, kile kinachofanya herufi ziwe na kivuli cheupe pembeni.

Kama tele yako ni ya kampuni isiyojulikana na haina kipengele hicho popote, hapo tu ndipo tunarudi kwenye kompyuta. Programu za Intel, AMD na NVIDIA zote zina mahali pa kupunguza ukubwa wa picha mpaka iingie ndani ya skrini. Itafaa, lakini ujue gharama yake. Kompyuta inaibana picha ya 1920 mpaka kama 1843, kisha tele inaichukua na kuikuza tena mpaka 1920. Picha imepimwa upya mara mbili, na kila mara pikseli jirani zinachanganywa. Filamu haitaonyesha tofauti kubwa. Maandishi yataonyesha. Ndiyo maana nawasihi watu wasianze huko, ingawa mafundi wengi huanza huko kwa kuwa ndicho wanachokijua.

Sasa ile 1024 kwa 768. Watu wengi hufanya ulivyofanya na sikulaumu: uko kwenye kochi, tele iko mita tatu mbele, herufi ni ndogo, unapunguza namba, herufi zinakua. Lakini skrini yako ina pikseli 1920 kwa 1080 zilizojengwa ndani, karibu milioni 2.07, na hazipungui hata moja. Ukiiambia kompyuta itume 1024 kwa 768, inatuma picha yenye pikseli 786,000 hivi, na tele inalazimika kubuni zilizobaki. Ukungu unatoka hapo. Unene wa watu una sababu nyingine: 1024 kwa 768 ni umbo la 4:3, tele yako ni 16:9, na ili kujaza upana imevuta kila kitu theluthi moja zaidi. Mpira wa watoto umekuwa yai.

Herufi ndogo zina dawa yake, na haigusi rezolusheni, yaani idadi ya pikseli. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye sehemu tupu ya skrini, chagua "Paramètres d'affichage" (mipangilio ya skrini). Kwenye rezolusheni chagua 1920 kwa 1080, kwa kawaida ndiyo yenye neno "recommandé" (inapendekezwa) pembeni. Juu yake kidogo kuna ukubwa wa maandishi kwa asilimia. Weka 150. Herufi zitakua lakini zitachorwa kwa pikseli zote za tele, zikiwa kali. Ukiwa umekaa mbali zaidi, 175. Windows hukupa sekunde 15 za kukubali rezolusheni mpya. Skrini ikiwa nyeusi usiguse kitu, subiri tu irudi ilikokuwa.

Kuna jambo dogo la kuhakikisha kabla hujaiamini katoni. "Full HD" kwenye karatasi ya tele za bei nafuu wakati mwingine ina maana kwamba tele inakubali kupokea 1080, si kwamba kioo chake kina 1080. Tele nyingi za inchi 32 zina kioo cha 1366 kwa 768. Kwa inchi 43 nadhani uko salama, lakini geuza tele, soma namba ya modeli kwenye karatasi ya nyuma, uitafute mtandaoni. Kama kioo ni 1366 kwa 768, maandishi hayatakuwa makali kabisa hata ufanye nini, na utajua kuwa kosa si la kompyuta wala lako.

Tuje kwenye kisa cha umeme kurudi, ambacho kwangu ndicho kitamu kuliko vyote, na ndicho kinachowafanya watu wa Bukavu wapeleke kompyuta nzima kwa fundi asubuhi kisha fundi aseme "mbona inafanya kazi vizuri".

Ndani ya kila tele kuna kumbukumbu ndogo sana iliyoandikwa: mimi ni modeli fulani, kioo changu ni pikseli kadhaa, napokea vipimo hivi na hivi. Mafundi huiita EDID. Kompyuta ikiwaka, kadi yake inaisoma kupitia nyuzi mbili nyembamba ndani ya waya wa HDMI, na kutoka hapo inajua itume nini. Isipoweza kuisoma, haikatai kufanya kazi. Inakuwa kama mshonaji asiyepewa vipimo vya mteja, anashona nguo ya kukadiria: 1024 kwa 768, au hata 640 kwa 480, vipimo ambavyo karibu kila skrini duniani inavikubali. Hizo ndizo ikoni chache zinazojaza skrini yako.

Kwa nini isisomeke umeme ukirudi, na siku nyingine isomeke? Angalia mnyororo wako: kompyuta, kifaa cha VGA, ampli, tele. SNEL, kampuni ya umeme, ikirudisha umeme, baadhi ya kompyuta za ofisi zimepangwa kuwaka zenyewe. Ampli inabaki imelala mpaka mtu abonyeze kitufe. Ampli iliyolala mara nyingi haipitishi chochote, hata ile EDID ya tele. Kompyuta inauliza, hakuna anayejibu, inakadiria. Dakika mbili baadaye mtoto anawasha ampli na tele, lakini VGA haina njia nzuri ya kuiambia kompyuta "sasa niko hapa, niulize tena". Waya wa HDMI una pini ya kazi hiyo, ya 19. Kwenye VGA haipo. Siku ambayo ampli ilikuwa tayari imewashwa, kila kitu kinakwenda sawa. Kwa hiyo kile kinachoonekana kama uchawi au kadi inayokufa polepole ni suala la nani aliamka kwanza.

Dawa ya bure kabisa: washa tele, kisha ampli, kompyuta iwe ya mwisho. Na ili kompyuta isiwatangulie, ingia kwenye mipangilio yake ya kuwashia, ile inayofunguka kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP mara tu unapobonyeza kitufe, utafute sehemu ya umeme inayosema ifanye nini baada ya umeme kukatika. Chagua ibaki imezimwa. Hata bila suala la picha ningekushauri hivyo, kwa sababu umeme wetu ukirudi hurudi kwa kuruka, na ni heri kompyuta isiwe inawaka katika dakika hiyo. Ikitokea tayari picha imekuwa kubwa na hutaki kuzima, jaribu kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa, kadi itaamshwa upya, na mara nyingine inatosha.

Dawa ya dola chache, na hii ndiyo ningeifanya kama kompyuta ingekuwa yangu: kiondoe kile kifaa cha VGA. Geuza kompyuta uangalie nyuma. Kompyuta za ofisi za kizazi cha tatu, Dell OptiPlex na HP nyingi za wakati ule, zina tundu la DisplayPort karibu na lile la bluu la VGA: ni la mstatili, kona moja imekatwa. Watu hulidhania ni HDMI iliyoharibika. Nunua kifaa cha DisplayPort kwenda HDMI. Muuzaji akupe cha upande huo hasa, kwa kuwa cha HDMI kwenda DisplayPort kinafanana nacho kwa macho na hakitafanya kazi. VGA inageuza picha kuwa mawimbi, halafu kifaa chako kinayageuza tena kuwa namba, na kila mgeuzo unapoteza ukali. DisplayPort inatuma namba kuanzia mwanzo, inasoma EDID vizuri zaidi, na inabeba sauti ndani ya waya uleule, hivyo kama mliweka waya wa sauti wa pembeni, unaweza kuutoa.

Ukipenda, ondoa pia ampli kwenye njia ya picha: kompyuta iende moja kwa moja kwenye tele, na sauti irudi kutoka tele kwenda ampli. Matundu ya HDMI yaliyoandikwa ARC pande zote mbili yanafanya hivyo, na kama hayapo, waya wa optiki. Hasara yake ni kwamba tele nyingine hazirudishi sauti ya spika tano na moja, zinarudisha ya spika mbili tu. Kama ampli yako ina spika mbili, hutapoteza kitu. Kama mna zile tano za kuzunguka sebule na mzee wa nyumba anazipenda, acha ampli katikati na ushike utaratibu wa kuwasha.

Kabla hujanunua chochote hakikisha jambo moja zaidi, hasa kama kuna aliyeweka Windows upya siku za karibuni. Fungua "Gestionnaire de périphériques" (orodha ya vifaa vya kompyuta), kisha sehemu ya kadi za picha. Ukisoma Intel HD, sawa. Ukisoma jina lenye Microsoft badala ya Intel, ina maana draiva (programu inayoiendesha kadi) haijawekwa na Windows inatumia ya dharura, ambayo mara nyingi haitakupa rezolusheni unayoitaka. Draiva inapatikana bure kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta kwa namba ya modeli, ila inaweza kufika mamia ya megabaiti, kwa hiyo usiipakue kwa vifurushi vya simu. Ipakue penye intaneti nzuri, uilete kwa flashi.

Na kadi mpya, ina siku yake? Ndiyo. Kadi ya picha iliyomo ndani ya Core i5 yako inatosha kabisa kwa 1920 kwa 1080, tena bila jasho. Lakini haitatoa 4K (pikseli mara nne ya Full HD) kwa picha 60 kwa sekunde, na filamu za H.265, zile faili ndogo zenye picha nzuri zinazosambaa siku hizi, inazifungua kwa nguvu ya prosesa peke yake. Kwa Full HD mara nyingi inaweza, kwa 4K inakwama. Hata hivyo, siku mtakaponunua tele ya 4K sitakuambia ununue kadi. Kasha la ofisi ni jembamba, linakubali kadi fupi tu, na pawasaplai yake mara nyingi haifiki wati 300. Kadi ya dola 80 ya dukani huenda isiingie hata kwa kulazimisha. Kufikia hapo kisanduku kidogo cha Android au kompyuta ya kizazi cha saba kwenda juu ni pesa iliyotumika vizuri zaidi. Na DVD ile ya zamani yenye pikseli 720 kwa 576 itabaki ilivyo popote utakapoichezesha.

Unapobadilisha waya, zima vyote na uchomoe kwenye umeme kwanza. Nyumba zetu nyingi hazina waya wa ardhini unaofanya kazi, na vifaa viwili vilivyochomekwa kwenye soketi za kuta tofauti vinaweza kuwa na tofauti ya volteji kati yao. Tofauti hiyo hupita kwenye tundu la HDMI dakika unapochomeka, na tundu linaungua bila hata cheche ya kuonekana. Kompyuta, ampli na tele vyote vichomekwe kwenye rallonge moja (waya wa kurefusha wenye soketi kadhaa), ikiwezekana nyuma ya rigileta, kifaa cha kutuliza volteji.

Kuna hali ambazo simu na maandishi hayatoshi. Ukigusa chuma cha kompyuta au ampli ukasikia vidole vinawasha, mwite fundi wa umeme wa nyumba, si wa kompyuta. Ukiona mistari ya wima kwenye tele hata ukiwa kwenye menyu yake yenyewe, au HDMI zote zinakataa hata dekoda ya jirani, hapo mumeo atakuwa na haki na tele iende kwa fundi. Harufu ya kuungua, chomoa na usijaribu tena. Na mtu yeyote asifungue mgongo wa tele nyumbani: kapasita zake huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa.

Ukiamua kupeleka kompyuta dukani, omba waijaribu mbele yako kwenye skrini yao kwa tundu la DisplayPort. Ikionyesha 1920 kwa 1080 safi pale, muulize yule wa dola 80 ni kitu gani hasa kimechoka. Na beba kile kifaa chako cha VGA pamoja na waya wa HDMI unaotumia nyumbani, kwa sababu wakikujaribia kwa waya wao mzuri wakati wako ndio wenye kutu ya unyevu wa ziwa, utarudi Nguba na shida ileile.